Jino linauma au linakufa? Namna ya kusoma dalili zinazotaka tiba ya mzizi

Wengi wanaofika kwa daktari wa meno Unguja na Pemba huja na ombi moja: "Daktari, ning'oe." Wamekesha siku mbili tatu, dawa za maumivu hazifui dafu tena, na wanachotaka ni jino litoke waende zao. Inasikitisha kuona gego la kijana wa miaka 25 likitupwa, hali lingeweza kumfikisha uzeeni lau mizizi yake ingesafishwa na kuzibwa. Tena jino hilo aghalabu lilikuwa limeshatoa ishara kwa wiki au miezi. Hapa nazifuata ishara hizo: ipi ni ya jambo dogo, ipi inataka tiba ya mzizi, na ipi haitoki kwenye jino kabisa. Uamuzi ni wa daktari atakayekupima, lakini mgonjwa anayejua kuyaeleza maumivu yake humfupishia daktari njia.

Dalili zisizosubiri

Uvimbe unaoenea chini ya taya, shingoni au kuelekea jichoni. Homa. Taya kugoma kufunguka. Ulimi kuinuliwa na uvimbe ulio chini yake. Taabu ya kumeza hata mate, au pumzi kuwa nzito.

Ukiwa na maumivu ya jino pamoja na hata moja kati ya hizi, acha kusoma na usingoje kupambazuke. Usaha wa jino la chini unaweza kushuka shingoni na kubana njia ya hewa, na watu hufa kwa hilo. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe: Mnazi Mmoja kwa aliye mjini Unguja, Abdulla Mzee kwa aliye Mkoani na vijiji vya jirani. Anayeishi Kojani, Fundo au Kisiwa Panza, ambako safari huanza kwa chombo cha baharini, avuke pale uvimbe unapoanza kusambaa, maana usiku bahari ikichafuka hatakuwa na njia.

Kinachotokea ndani

Ndani ya jino mna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Huanzia katikati ya kichwa cha jino na kushuka kwenye vijia vyembamba vya mizizi hadi kwenye mfupa wa taya. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina kijia kimoja, gego la chini mara nyingi lina vitatu, na gego kubwa la kwanza la juu lina vitatu au vinne. Kiini kimefunikwa na dentini, nayo dentini imefunikwa na enameli, ganda gumu jeupe tunalolipiga mswaki.

Wazee wetu husema jino lina mdudu. Wanaolila jino ni bakteria wasioonekana kwa macho, wanaogeuza sukari kuwa tindikali. Wakishapenya enameli na dentini, kiini huvimba. Kidole kikivimba kina pa kutanukia. Kiini kimezungukwa na ukuta mgumu kila upande, kwa hiyo shinikizo hupanda, damu hushindwa kupita, na kidogo kidogo nyama ile hufa. Tiba ya mzizi ni kukitoa kiini hicho, kuosha vijia vyake na kuviziba visiingie bakteria tena.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "linauma kiasi gani?" Jiulize linaumaje: nini kinaliamsha, linachukua muda gani kutulia, na je, kuna siku liliuma sana kisha likanyamaza lenyewe.

Linashtuka kwa baridi, kisha linaacha papo hapo

Umekunywa maji ya friji, jino limekuchoma, umemeza, limeacha. Hii kwa kawaida si ya tiba ya mzizi. Kiini kimekereka lakini kinaweza kupona.

Sababu ni kadhaa. Ufizi umerudi nyuma na shina la jino liko wazi, jambo la kawaida kwa wanaosugua kwa nguvu na mswaki mgumu. Au kuna tundu ambalo bado halijafika mbali. Au jino limezibwa juzijuzi na halijatulia. Au enameli imelika kwa vitu vikali, na hapa lazima niutaje ubuyu wetu. Ubuyu wenyewe ni mchachu, kisha umepikwa na sukari, kisha unamung'unywa kokwa moja baada ya nyingine mchana kutwa, kwa hiyo jino halipati hata saa moja ya kupumzika. Ni bora uule wote mara moja baada ya chakula, usukutue kwa maji, na ungoje kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu enameli iliyotoka kuoga tindikali hukwanguka kwa urahisi.

Tumia dawa ya meno yenye floraidi, ile ya meno yanayoshtuka ukiipata, na upange siku ya kwenda kuzibwa. Tundu linalozibwa katika hatua hii ni kazi ya kikao kimoja.

Linaanza kuuma na halitaki kuacha

Hapa ndipo mambo hubadilika, na ndipo watu wengi hupitiwa.

Chukua maji baridi, yapitishe upande wenye jino, meza, kisha uhesabu polepole. Maumivu yakivuka nusu dakika, au yakibaki kupwita dakika kadhaa baada ya maji kuondoka, kiini kimevimba kiasi ambacho hakitarajiwi kupona chenyewe. Wengi huligundua hili mwezi wa Ramadhani bila ya kukusudia. Baada ya siku nzima mdomo kuwa mkavu, uji wa moto na juisi ya baridi hukutana kinywani ndani ya dakika moja, na jino lililokuwa likijificha husema.

Zitizame pia dalili hizi, maana zikiwa mbili au tatu pamoja shaka hupungua sana:

Moto unauma kuliko baridi. Kikombe cha chai ya tangawizi kinaliamsha jino na maumivu yanapanda taratibu badala ya kushuka. Wengine hufika wameshika chupa ya maji baridi, kila baada ya dakika chache wanapiga funda, kwa sababu baridi ndiyo inayowapa nafuu. Ukiwa katika hali hiyo, kiini kiko mwishoni.

Jino linaanza lenyewe, bila ya kula wala kunywa kitu.

Linakuamsha usiku. Ukilala, damu huongezeka kichwani na shinikizo ndani ya jino hupanda nalo. Kuinua kichwa kwa mito miwili hupunguza, lakini hakutibu.

Hujui ni lipi. Maumivu yanakwenda sikioni, kwenye kipaji, yanashuka shingoni. Huwezi kuapa kama ni jino la juu au la chini. Hali hii huwakanganya wagonjwa na wakati mwingine hata watabibu, kwani mishipa ya fahamu ya taya zote mbili hukusanyika njia moja. Kinachosaidia ni kwamba maumivu ya jino kwa kawaida hayavuki kutoka kulia kwenda kushoto. Usimlazimishe mtu akung'oe jino kwa kukisia. Subiri lipimwe kwa baridi, ligongwe taratibu, na lipigwe eksirei.

Ukifika hapa, kuziba tundu peke yake hakutoshi. Ni kukifungia ugonjwa ndani. Kilichobaki ni tiba ya mzizi au kung'oa.

Liliuma sana, sasa limenyamaza

Dalili hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa kuwa mtu huipokea kwa furaha. Wiki mbili alikuwa hali wala halali usingizi, kisha asubuhi moja ameamka na hasikii kitu. Anasema dawa imefanya kazi, au dua imejibiwa, na anaifuta ile siku aliyopanga kwenda kupimwa.

Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa. Mshipa wa fahamu uliokuwa ukilia haupo tena. Bakteria wapo, sasa wana nyumba isiyo na damu wala kinga ya mwili, na wanateremka hadi ncha ya mzizi. Huko huanza kuula mfupa unaolishika jino. Kazi hii inaweza kuchukua miezi, hata miaka, bila ya maumivu yoyote, kisha siku mwili ukidhoofika uvimbe ukazuka kwa usiku mmoja. Mwenye kisukari ajihadhari zaidi, kwani uambukizo kinywani huivuruga sukari, na sukari ikipanda uambukizo nao hukua.

Kujipima nyumbani, funga kipande cha barafu kwenye kitambaa safi, kiguse kwanza kwenye jino zima la upande wa pili ujue hisia ya kawaida, halafu kiguse kwenye jino lenye shaka. Likiwa halisikii chochote, na hapo nyuma liliwahi kukukesha, huenda limeshakufa. Kipimo hiki hakina uhakika kwa jino lenye kofia, yaani ganda la bandia linalolifunika, au kwa mtu mzima sana, ambaye kiini chake huwa kimesinyaa kwa umri.

Ishara nyingine za jino lililokufa ni kugeuka rangi kuwa la kijivu au hudhurungi, kuhisi kama limerefuka na ndilo linalotangulia kugusana ukifunga mdomo, na kuuma ukiligonga kwa kucha. Jino hili bado linaweza kuokolewa. Kuwa limekufa si sababu ya kuling'oa.

Kipele kwenye ufizi kinachokuja na kuondoka

Kijipele kidogo karibu na mzizi, kinatumbuka, unasikia ladha ya chumvi au uvundo, kinapoa, na baada ya wiki kimerudi. Huo ni mlango wa usaha. Hakiumi kwa sababu usaha una pa kutokea. Kukisugua kwa chumvi au kukitumbua kwa sindano hakufiki kwenye chanzo. Daktari anaweza kupitisha kijiti laini cha kuzibia mizizi ndani ya kipele, akapiga eksirei, na picha ikaonyesha moja kwa moja mzizi unaotoa usaha.

Linauma ukitafuna tu

Hapa usikimbilie kusema ni mzizi. Kama liliuma baada ya kuzibwa na unahisi ule muzibo ndio unaotangulia kugusa, huenda umeachwa juu kidogo. Kuusawazisha ni kazi ya dakika chache. Kama ni nyama au uzi wa embe ulionasa kati ya magego mawili, uzi wa meno utakupa jibu hapo hapo.

Lakini kama unachomwa kama sindano hasa pale *unapoachia* baada ya kuuma kitu kigumu, fikiria ufa. Nyufa hutokana na kusaga meno usingizini, na kwa tabia ya kuvunja kwa meno vitu vya kuvunjwa kwa jiwe: kokwa za ubuyu, barafu, mfupa, au kijiwe kilichosazwa kwenye mchele wa pilau. Eksirei mara nyingi haiuoni ufa. Ukiwa umeishia kwenye kichwa cha jino, kofia inaweza kutosha. Ukifika kwenye kiini, tiba ya mzizi. Ukiwa umelipasua jino hadi mzizini, hapo kung'oa ni haki yake.

Lilipigwa

Vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, wachezaji mpira, na walioanguka na bodaboda hupata mapigo ya meno ya mbele, wakasahau. Miezi au miaka baadaye jino moja linaanza kuwa jeusi bila ya tundu lolote. Pigo lilikata mishipa ya damu kwenye ncha ya mzizi. Jino lililopigwa lipimwe mapema na lifuatiliwe, hata kama haliumi.

Jino la kudumu likitoka zima, lishike kichwani, usiuguse mzizi wala usiusugue. Lisuuze kidogo kama lina mchanga, lirudishe mahali pake kama mtu ana fahamu zake, au litie kwenye maziwa, na ukimbie. Nusu saa ya kwanza ina thamani kubwa. Likishika, jino la mtu mzima karibu kila mara hutaka tiba ya mzizi ndani ya wiki mbili. Jino la utoto halirudishwi.

Pengine si jino hilo, au si jino

Magego kadhaa ya juu yanauma pamoja, una mafua, na ukiinama kama kwenye rukuu maumivu yanazidi: fikiria kwanza sainasi, yaani mianya ya hewa iliyo ndani ya mifupa ya uso pembeni mwa pua. Ufizi wa nyuma kabisa umevimba kwa kijana wa miaka 18 hadi 25: huenda gego la mwisho linachomoza na ufizi juu yake umenasa uchafu. Maumivu mfano wa umeme, ya sekunde chache, yanayoamshwa na kugusa shavu au kunawa uso, ni ya mshipa wa fahamu wa uso. Na mtu mzima anayeumwa taya la chini akipanda ngazi au akibeba mzigo, akapoa akipumzika, hasa kama kifua kinabana au anatoka jasho, aende hospitali kuangaliwa moyo. Hilo la moyo ni la kuchukuliwa kwa uzito kabisa.

Karafuu, dawa za dukani, na mpaka wake

Pemba ndiko inakotoka sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na hakuna nyumba isiyojua kuweka karafuu kwenye jino bovu. Elimu hii ni ya kweli. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujeno, kitu kinachotia ganzi na kupunguza uvimbe. Madaktari wa meno ulimwenguni huchanganya eujeno na unga wa oksidi ya zinki kupata muzibo wa muda, na ndiyo sababu chumba cha meno London au Dar es Salaam kinaweza kunukia kama uwanja wa kuanikia karafuu wa Wete. Mafuta yale yale hukamuliwa kutokana na makonyo, vijiti vinavyoshika karafuu, pale Wawi, Chake Chake.

Ila yatumie kwa adabu. Lowesha pamba ndogo, ikamue, iweke ndani ya tundu tu. Mafuta yasiyozimuliwa huunguza ufizi na ulimi, na mtoto mdogo asipewe, kwani kuyameza kunaweza kumdhuru vibaya. Ukipata nafuu, ihesabu ni muda wa kufika kwa daktari. Eujeno haikifufui kiini kilichokufa wala haifiki kwenye ncha ya mzizi.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na tatizo la kiafya anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, hadi mara tatu kwa siku, pamoja na parasetamoli isiyozidi gramu 4 kwa saa 24. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, asiguse ibuprofeni bila ya ushauri. Aspirini isibandikwe kwenye ufizi, inaunguza. Maji ya betri na petroli visikaribie kinywa.

Na antibayotiki: nakuombeni sana tuache kununua amoksilini na flajili kila jino linapouma. Kiini kilichovimba hakipoi kwa antibayotiki, na kiini kilichokufa hakina damu ya kuipeleka dawa ndani. Zina kazi yake pale uvimbe unapoenea au homa ikiingia, nazo ni za kusaidia wakati chanzo kinashughulikiwa. Ukizitumia ovyo, siku utakapozihitaji kweli zitakuwa zimechoka.

Mtoto wa miaka sita

Katika umri huu gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno ya utoto, bila ya jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hawajui kuwa limekuja. Likitoboka husema, "Hilo ni la utoto, litatoka." Hili halitoki kupisha jingine. Isitoshe, mizizi yake huchukua kama miaka mitatu baada ya kuota ndipo ikamilike, kwa hiyo likiugua mapema tiba yake ni ya namna nyingine, yenye kujaribu kukinusuru kiini ili mzizi uendelee kukua. Hesabu kutoka katikati ya meno ya mbele kwenda upande mmoja: jino la sita ni hilo. Lichunguze kwa tochi kila mwezi.

Meno ya utoto nayo yasiachwe kuoza, kwa sababu usaha wake hukaa juu ya jino la kudumu linaloumbika.

Ukifika kwa daktari

Mwambie maumivu yalianza lini, nini kinayaamsha, yanadumu muda gani, kama yanakuamsha usiku, na dawa ulizokunywa. Usimeze dawa kali ya maumivu saa chache kabla ya kupimwa kama unaweza kuvumilia, kwani huficha jino lenyewe. Ikiwa eksirei ni safi na dalili ni za wazi, usidhani umeambiwa huna kitu: kiini kilichovimba hakionekani kwenye picha, na mfupa lazima ulike kiasi fulani ndipo kivuli kionekane.

Hofu ya watu wengi ni maumivu ya tiba yenyewe. Unapigwa sindano ya ganzi, jino linatobolewa juu, kiini kinatolewa kwa visindano vyembamba, vijia vinaoshwa kwa dawa ya kuua bakteria, kisha vinazibwa kwa gata pacha, utomvu wa mti uliotayarishwa. Ni kikao kimoja hadi vitatu. Jino lililovimba sana linaweza kuwa gumu kufa ganzi, sema, uongezewe. Mjamzito anaweza kutibiwa, na miezi ya katikati ndiyo yenye raha zaidi kwake.

Wanaoahirisha kwa sababu ya saumu wajue kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilisema kuchimba jino, kung'oa na kusafisha hakubatilishi saumu maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Muulize sheikh wako, lakini usiliache jino likaoza mwezi mzima.

Kung'oa ni sawa pale jino limeoza hadi chini ya mfupa, limepasuka mzizi, au linacheza kwa ugonjwa wa ufizi. Nje ya hapo, uliza: "Linaweza kuokolewa?" Na kama pale ulipo hawafanyi tiba ya mzizi, omba jino lifunguliwe, kiini kitolewe na pazibwe kwa muda, pamoja na barua ya rufaa.

Baada ya tiba, kuuma kidogo unapotafuna kwa siku chache ni kawaida. Uvimbe si kawaida, rudi. Muzibo wa muda usiuache ukakaa miezi, maana ukivuja bakteria hurejea kwenye vijia na kazi yote huanza upya. Gego lililotibiwa mzizi limebaki na kuta nyembamba, kwa hiyo liwekewe kofia mapema. Hadi siku hiyo, tafunia upande wa pili.